Kuondoa vitu na kuulizia utupu: tathmini ya orodha ya Python baada ya miaka sita ya kuitumia

Orodha, yaani `list`, ndicho chombo cha kwanza anachokabidhiwa karibu kila mtu anayejifunza lugha ya programu ya Python, na katika miaka sita ambayo nimekuwa nikiandika programu za hesabu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa, hakuna chombo kingine cha lugha hiyo nilichokishika mara nyingi kama hicho. Kuingiza vitu kwenye orodha hakuna ugumu wowote, wala sina la kuongeza juu yake. Tathmini hii inahusu upande wa kutoa: jinsi kitu kinavyoondolewa, jinsi orodha nzima inavyomwagwa, na jinsi programu inavyotambua kwamba hakuna kilichobaki. Kwa kazi yangu huu ndio upande wenye uzito, maana aliyemaliza deni lake lazima atoke kwenye orodha ya wadaiwa siku ileile, na wadaiwa wakiisha lazima programu iseme hivyo bila kubahatisha.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kwa sababu zitakazofuata. Kwa kipimo cha kumi naipa orodha hii nane. Karibu kila mahali inapotumiwa vibaya inasema, tena inasema kwa sauti, na programu husimama hapohapo. Alama mbili nimezipunguza kwa sababu ya mahali pamoja inaponyamaza, mahali ambapo mgeni na mwenyeji hupita kila siku.

Kuhusu gharama hakuna la kujadili, kwa kuwa Python ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Guido van Rossum alianza kuitunga mwezi Desemba 1989 akiwa kwenye CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam, na alilitoa toleo la kwanza kwa umma Februari 1991. Ninayoyasema hapa nimeyajaribu kwenye Python 3. Anayekutana na programu kongwe iliyobaki kwenye Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, atakuta baadhi ya amri hizi hazimo.

Amri za kutolea ni nne. Amri ya `remove` huambiwa kitu chenyewe: hutafuta kuanzia mwanzo wa orodha, hukiondoa cha kwanza kinacholingana na kilichotajwa, kisha huacha. Amri ya `pop` huambiwa nafasi, hukitoa kitu kilichopo hapo na kumkabidhi aliyeomba. Usipotaja nafasi, hutoa cha mwisho. Kauli ya `del` nayo huambiwa nafasi, au kipande kizima kutoka nafasi fulani hadi nyingine, lakini hairudishi kitu mkononi. Amri ya `clear` humwaga vyote. Nafasi zinahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo wa kwanza yuko nafasi ya 0, na aliye mwisho anaweza kuitwa kwa nafasi ya -1 bila mtu kujua orodha ina urefu gani.

Kati ya hizo nne, ninayoipenda kuliko zote ni `pop`, kwa sababu kutoa na kukabidhi kunafanyika kwa tendo moja. Programu yangu inaposhughulikia maombi ya mkopo, ombi linalotoka kwenye foleni ndilo hilohilo linalofika mkononi mwa sehemu inayokagua dhamana. Sihitaji kwanza kulisoma, halafu kulifuta kwa mstari mwingine, na katikati ya mistari hiyo miwili mtu akaja baadaye kupachika jambo lake na kuvuruga mpangilio. Nimewahi kurekebisha programu ya mtu mwingine iliyokuwa ikisoma kwa mstari mmoja na kufuta kwa mwingine, na kati yake kulikuwa na mistari kumi na minane ambayo mmoja wao ulikuwa ukipanga orodha upya. Kilichosomwa na kilichofutwa havikuwa kitu kimoja tena.

Amri ya `remove` inataka tahadhari, ijapokuwa yenyewe haina kosa. Katika kikundi kimojawapo walikuwemo akina Mariamu wawili, nami nilikuwa nimeweka majina matupu kwenye orodha. Mariamu wa pili alipomaliza deni lake, niliandika amri ya kumwondoa Mariamu, na orodha ikamwondoa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekutwa mbele. Orodha ilifanya kile ilichoambiwa. Tangu hapo naweka namba ya uanachama, na ninamshauri kila anayeanza afanye vivyo hivyo, kwa sababu `remove` inalinganisha thamani tu, haijui sura ya mtu.

Sifa kubwa ya chombo hiki ni namna kinavyoshughulikia ombi lisilowezekana. Ukiiambia `remove` imtoe mtu asiyekuwemo, programu inasimama kwa hitilafu iitwayo `ValueError`. Ukiomba `pop` kwenye orodha tupu, inasimama kwa `IndexError`. Ujumbe ni mfupi na unataja mstari uliohusika, kiasi kwamba hata mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni cha shida huzizoea hitilafu hizo mbili katika wiki ya kwanza. Katika JavaScript, lugha nyingine ya programu, mambo ni tofauti: `pop` kwenye safu tupu (safu ndiyo orodha ya huko) hurudisha `undefined` na programu inaendelea na safari yake, ikibeba kitu kisicho kitu hadi mahali pa mbali ambapo hesabu inaharibika bila mtu kujua ilianzia wapi. Nimesikia watu wakilalamika kwamba Python inawalazimisha kuuliza kwanza kama kitu kimo kabla ya kukiondoa. Sikubaliani nao hata kidogo. Kama programu inataka kumwondoa mdaiwa asiyekuwepo, basi kuna mahali ambapo daftari la malipo na orodha ya wadaiwa vimeachana, na mhazini anastahili kulijua hilo kabla ya kufunga hesabu za wiki.

Amri ya `clear` iliongezwa kwenye Python 3.3, toleo la mwaka 2012. Kabla yake watu waliandika `del wadaiwa[:]`, ambapo `[:]` ni orodha nzima toka mwanzo hadi mwisho, na njia hiyo bado inafanya kazi. Wengi huiona amri hii kuwa ya ziada, wakidai kwamba inatosha kuandika `wadaiwa = []`, yaani kulipa jina hilo orodha tupu. Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu hayo mawili hayalingani, na tofauti yake imewapotezea watu usiku mzima.

Chukua kikundi ambacho mhazini na katibu wanatumia daftari moja la wadaiwa. Mhazini akizifuta kurasa zote za daftari hilo, katibu akilifungua atakuta kurasa tupu, maana daftari ni lilelile. Lakini mhazini akienda dukani kununua daftari jipya na kuandika juu yake neno «Wadaiwa», katibu atabaki na la zamani lenye majina yote, na ataendelea kuwapigia simu waliokwisha kulipa. `clear` ndiyo kufuta kurasa. `wadaiwa = []` ndiyo kununua daftari jipya. Katika Python jina ni kibandiko tu kinachobandikwa kwenye kitu, na vibandiko viwili vyaweza kuwa juu ya kitu kimoja. Ukikihamisha kimoja, cha pili hakisogei. Kwa hiyo ikiwa orodha imekabidhiwa kwa sehemu nyingine za programu, `clear` ndiyo inayofaa, na ikiwa unataka wenzako wabaki na nakala yao ya zamani kwa ajili ya kumbukumbu, anzisha orodha mpya. Napenda kwamba lugha inatoa njia zote mbili. Ningependa zaidi kama vitabu vya wanaoanza vingeieleza tofauti hii kwenye sura ileile ya orodha, kwa sababu mwanafunzi huanza kuumizwa nayo siku ileile anapoandika funksheni yake ya kwanza, yaani kipande cha programu chenye jina kinachokabidhiwa vitu vya kufanyia kazi.

Sasa nifike pale penye kasoro.

Kila Ijumaa jioni, baada ya malipo kuingizwa, programu yangu ya kwanza ilipitia orodha ya wadaiwa na kuwaondoa wale ambao deni lao limefika sifuri, kisha ikawatumia waliobaki ujumbe wa kukumbushwa. Niliandika hivi, kama ambavyo naamini wengi wangeandika:

```
for m in wadaiwa:
    if m.deni == 0:
        wadaiwa.remove(m)
```

Ukiisoma kwa Kiswahili inaeleweka: kwa kila mwanachama kwenye wadaiwa, kama deni lake ni sifuri, mwondoe. Ilifanya kazi kwa wiki saba. Wiki ya nane, Jumamosi asubuhi, mama mmoja alinipigia simu.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwanangu. Mimi deni lile nimelimaliza jana mbele ya watu wote, na mhazini amenipa risiti. Mbona simu inanidai tena?»

Nilimwomba radhi, kisha nikafungua programu nikiamini kwamba kuna aliyekosea kuingiza malipo. Malipo yalikuwa sahihi. Deni lake lilikuwa sifuri, naye bado alikuwa kwenye orodha.

Sababu yake ni hii. Orodha ile ilikuwa na watu wanne kwa mpangilio huu: Asha anayedaiwa shilingi 40,000, Bakari aliyemaliza, Mama Zawadi aliyemaliza, na Fatuma anayedaiwa shilingi 15,000. Kitanzi cha `for`, yaani ile amri inayorudia kazi kwa kila aliyemo, hakikumbuki majina. Kinakumbuka namba ya nafasi tu. Kilianza nafasi ya 0, kikamkuta Asha, kikampita. Kikaenda nafasi ya 1, kikamkuta Bakari, akaondolewa. Bakari alipotoka, waliokuwa nyuma yake walisogea mbele kuziba pengo, hivyo Mama Zawadi akahamia nafasi ya 1 na Fatuma nafasi ya 2. Kitanzi, kwa kuwa kilikuwa kimemaliza nafasi ya 1, kikasonga hadi nafasi ya 2 na kumkuta Fatuma. Mama Zawadi hakuulizwa kabisa. Alirukwa kama abiria aliyeteremka kumpisha mwenzake atoke, na gari likaondoka kabla hajapanda tena.

Kwa wiki saba kosa hilo lilikuwemo na halikuonekana, kwa sababu katika wiki hizo haikutokea waliomaliza madeni wakafuatana kwenye orodha. Hili ndilo linaloniuma kuhusu chombo hiki. Hakuna hitilafu iliyotokea, hakuna onyo lililoandikwa popote, na jaribio lolote dogo ambalo mtu angelifanya kwa kumweka mtu mmoja mwenye deni sifuri lingepita salama. Mafunzo rasmi ya Python yanaonya juu ya kubadilisha mkusanyiko huku ukiupitia, na yanapendekeza kupitia nakala au kuunda mkusanyiko mpya. Onyo hilo ni zuri, lakini anayelihitaji zaidi ni yule ambaye hajalisoma.

Mtu anaweza kusema kwamba lugha haina uwezo wa kujua kuwa orodha imebadilishwa katikati ya kitanzi. Jibu limo ndani ya Python yenyewe. Kamusi ya Python, ile `dict`, ambayo ni mkusanyiko wa aina nyingine, ukiipunguzia kitu huku ukiipitia, husimamisha programu kwa `RuntimeError` na kueleza kwamba ukubwa wake umebadilika wakati wa kupitiwa. Seti nayo hufanya hivyo. Wajomba hawa wawili wanasema, na orodha, ambayo ndiyo inayoshikwa na mikono mingi ya wanaoanza, inanyamaza. Najua kwamba kwa sasa kuibadilisha tabia hiyo kungevunja programu nyingi zilizokwisha kuandikwa, zikiwemo zile zinazoongeza vitu mwishoni mwa orodha kwa makusudi huku zikiipitia, na naliheshimu hilo. Hata hivyo tathmini ni ya chombo kilivyo, na hivi ndivyo kilivyo.

Java, ambayo niliitumia kabla ya kuhamia Python, inajitahidi zaidi hapa. Orodha yake iitwayo `ArrayList` huhesabu mabadiliko na hutupa `ConcurrentModificationException` ikigundua kwamba orodha imeguswa katikati ya kitanzi. Lakini nayo ina tundu lake: ukiondoa kitu kilicho cha pili kutoka mwisho, kitanzi huona kwamba namba ya mahali kilipofika imelingana na ukubwa mpya wa orodha, kikadhani kazi imekwisha, na cha mwisho hakiguswi wala hitilafu haitupwi. Java ina mtego mwingine pia kwenye orodha ya namba, kwa kuwa `remove(5)` huondoa kilichopo nafasi ya 5, wala si namba 5 yenyewe. Python imeepuka mtego huo kwa kuzipa kazi hizo mbili majina mawili, `remove` kwa thamani na `pop` au `del` kwa nafasi, na naona huo ni uamuzi wa busara ambao haupewi sifa inayostahili.

Dawa ya tatizo la kitanzi, ambayo sasa naitumia bila kuiacha hata mara moja, ni kutoondoa kabisa, bali kuwachagua wanaobaki:

```
wadaiwa = [m for m in wadaiwa if m.deni > 0]
```

Mstari huu unasomeka karibu kama azimio la kikao: wadaiwa ni kila aliyemo kwenye wadaiwa ambaye deni lake linazidi sifuri. Muundo huo umo ndani ya Python tangu toleo la 2.0 la mwaka 2000. Haumruki mtu, na kwenye orodha ndefu una kasi kuliko kitanzi chenye `remove`, kwa kuwa `remove` hurudi mwanzo wa orodha kutafuta kila inapoitwa. Anayekumbuka habari ya daftari jipya atatambua kwamba mstari huu unaanzisha orodha mpya; kama katibu naye anatakiwa aone mabadiliko, huandikwa `wadaiwa[:] =` upande wa kushoto, na yaliyomo kwenye daftari lilelile hubadilishwa.

Nije kwenye utupu. Programu ikishawaondoa waliolipa, inauliza kama kuna aliyebaki, na Python inaruhusu swali hilo liulizwe kwa maneno machache kuliko lugha nyingine zote ninazozijua: `if not wadaiwa:`. Orodha tupu huhesabiwa kuwa si kweli, na yenye kitu hata kimoja huhesabiwa kuwa kweli. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa uandishi wa Python ulioandikwa mwaka 2001, unapendekeza njia hii badala ya kuuliza urefu kwa `len`. Baadhi ya walimu hupendelea `len(wadaiwa) == 0` kwa kuwa inamwonyesha mwanafunzi wazi kinachoulizwa. Kwa kasi hakuna tofauti ya kujali, kwa sababu orodha hutunza hesabu ya vitu vyake na haihitaji kuvihesabu upya. Mimi naandika `if not wadaiwa` pale ninapokuwa na hakika kwamba mkononi nina orodha, na nasisitiza neno hakika.

Wenye kuandika JavaScript na Python kwa siku moja wawe macho sana hapa. Katika JavaScript safu tupu huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo swali lilelile likihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine hutoa jibu lililogeuka, na hakuna hitilafu itakayotokea. Katika lugha ya C++ kuna mkanganyiko wa aina nyingine: amri ya `empty` huuliza kama mkusanyiko ni mtupu, lakini neno hilo kwa Kiingereza ni pia kitenzi cha kumwaga, na walikuwepo waliolitumia wakidhani wanamwaga. Viwango vya C++ vya mwaka 2020 viliweka alama inayoiruhusu kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, kutoa onyo jibu la swali hilo linapotupwa. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna nafuu, maana «tupu» na «mwaga» hayafanani hata kwa mbali, na Python kwa kumwaga ina `clear`, kwa kuuliza ina `not`.

Lakini ufupi wa `if not` una bei yake, na bei hiyo niliilipa mbele za watu. Funksheni iliyokuwa ikisoma orodha ya wadaiwa kutoka kwenye faili niliiandika irudishe `None`, alama ya Python ya kusema hakuna kitu, pale faili inaposhindwa kufunguka. Siku moja kompyuta ya kikundi ilihamishwa chumba kingine, folda ikabadilishwa jina, na faili haikupatikana. Programu ikauliza `if not wadaiwa`, na kwa kuwa `None` nayo huhesabiwa kuwa si kweli, ikaandika kwenye skrini: «Hakuna mdaiwa yeyote.» Mhazini aliisoma taarifa hiyo kwenye kikao kwa furaha. Katibu, aliyekuwa na daftari lake la karatasi mapajani, alinyoosha mkono na kusema kwamba yeye anaona majina kumi na moja.

Kati ya «nimetazama na hakuna mtu» na «sijaweza kutazama» kuna umbali mkubwa, na mtu yeyote anayetunza fedha za wenzake anaujua umbali huo. `if not` inazimeza zote mbili kwenye jibu moja, pamoja na sifuri na neno lisilo na herufi. Nilirekebisha kwa kuiacha hitilafu ya faili itokee na kuisimamisha programu, badala ya kuificha nyuma ya `None`. Pale ambapo `None` haiepukiki, swali la kwanza huwa `if wadaiwa is None`, na swali la utupu hufuata baadaye. Sikupunguza alama kwa hili, kwa kuwa lugha inanipa njia ya kuuliza kila swali peke yake, na mimi ndiye niliyeyachanganya. Hata watunzi wa Python wenyewe waliwahi kulipa gharama ya wazo hili: kabla ya toleo la 3.5, saa sita kamili za usiku kwa kipimo cha UTC, yaani saa za kimataifa, ikihifadhiwa kama kitu cha aina ya `time`, ilihesabiwa kuwa si kweli, na programu iliyouliza «je, muda umewekwa?» ilijibiwa kwamba haujawekwa, kwa usiku ule wa manane tu. Jambo hilo liliondolewa, na waliliondoa kwa haki.

Anayefanya kazi na safu za NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za namba, asitumie `if not` kabisa, kwa kuwa safu yenye vitu zaidi ya kimoja hukataa kujibu na hutupa `ValueError`; aulize `size`, yaani idadi ya vitu. Jedwali la pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, nalo hukataa, na lina `empty` yake.

Limebaki suala la kasi, ambalo kwa orodha ndogo halina uzito. Kutoa cha mwisho kwa `pop()` ni kazi nyepesi isiyotegemea urefu wa orodha. Kutoa cha kwanza kwa `pop(0)` ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa wote waliobaki husogezwa nafasi moja mbele. Kwa wanachama arobaini hutaona lolote. Kwa foleni ya ujumbe 100,000, ukiitoa yote kutoka mbele, jumla ya kusogezwa hukaribia mara bilioni 5, na hapo kompyuta ndogo ya ofisi ya kikundi huanza kulemewa. Kwa foleni ya namna hiyo Python ina chombo kingine, `deque`, kilichoingia kwenye maktaba yake ya kawaida kwa toleo la 2.4 la mwaka 2004, ambacho hutoa kutoka mbele kwa `popleft` kwa wepesi uleule wa kutoa kutoka nyuma. Ujumbe wa kila Ijumaa sasa unapita humo:

```
while foleni:
    m = foleni.popleft()
    tuma(m)
```

Hapa kutoa na kuulizia utupu vimekutana katika mistari mitatu: maadamu foleni ina mtu, mtoe wa mbele, mtumie ujumbe wake. Hakuna nafasi ya kuhesabu na hakuna wa kurukwa, kwa kuwa hatuipitii foleni huku tukiipunguza. Tunaiuliza upya kila mara kama bado ina mtu. Nilipokuwa nikiijaribu `deque` hiyo niliandika kwa makusudi kile kitanzi changu cha zamani, cha `for` na `remove`, nikaweka Asha, Bakari, Mama Zawadi na Fatuma kwa mpangilio uleule, nikaendesha programu. Bakari alipoondolewa tu, programu ilisimama kwa `RuntimeError` ikisema kwamba foleni imebadilishwa ikiwa inapitiwa.